Qo'noS, Sayari ya Waklingon: Majibu kwa Maswali Yanayoulizwa Sana

Waklingon ni akina nani?

Ni viumbe wa kubuni katika hadithi za Star Trek za Marekani, taifa la wapiganaji lenye dola kubwa angani, maadui wa Shirikisho la Sayari ambamo binadamu wamo. Mwandishi Gene L. Coon aliwabuni, wakaonekana kwenye televisheni mara ya kwanza mwaka 1967. Qo'noS ndiyo sayari ya asili yao na makao makuu ya dola. Cha ajabu, watazamaji waliwafahamu maadui hawa kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuonyeshwa sayari yao. Mwaka 1990, katika kipindi cha Sins of the Father, ndipo tulipoingia Mji wa Kwanza na kuuona ukumbi wa Baraza Kuu, wenye kiza na mwangwi, ambamo Mklingon Worf anasimama kulitetea jina la marehemu baba yake aliyezushiwa usaliti.

Je, Kronos ni sayari nyingine?

Hapana, ni hiyo hiyo. Kronos ndivyo binadamu wanavyoitamka kwenye filamu. Qo'noS ni tahajia ya Kiklingon, lugha iliyotungwa na mwanaisimu Marc Okrand, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1985.

Ni balaa gani lililoipata?

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Filamu ya sita ya Star Trek, The Undiscovered Country ya mwaka 1991, inaanza kwa kulipuka kwa Praxis, mwezi wa Qo'noS uliokuwa ukiizalishia dola sehemu kubwa ya nishati yake. Waliuchimba kupita kiasi na usalama wakaupuuza. Mlipuko unaichafua hewa ya sayari, na Spock, afisa wa Shirikisho, anaeleza kuwa oksijeni itawaishia katika miaka 50 hivi. Fedha za kujiokoa hawana, kwa sababu hazina yao imemezwa na jeshi.

Wazo hilo halikutoka hewani. Leonard Nimoy, mwigizaji wa Spock, na mwongozaji Nicholas Meyer walikuwa wakiutazama Muungano wa Kisovieti: ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, kisha kuanguka kwa Ukuta wa Berlin. Filamu ilitoka Desemba 1991, mwezi ule ule Muungano wa Kisovieti ulipovunjika.

Kwa nini wasiachwe wafe?

Swali hili limo ndani ya filamu yenyewe, na anayeutamka wazi msimamo wa kuwaacha wafe ni Kapteni Kirk, shujaa wetu, ambaye mwanawe aliuawa na Waklingon. Gorkon, Chansela wa Waklingon, anapokuja kutafuta amani, anauawa. Waliopanga njama ni maofisa wa pande zote mbili: walioshindwa kupatana kwa miaka mingi wanashirikiana vizuri sana ili vita visiishe. Naamini hakuna hadithi ya Star Trek iliyosema ukweli mchungu kuliko huo. Kirk mwenyewe, akiwa bado na msiba wake moyoni, ndiye anayekwenda Khitomer kuuokoa mkutano wa amani.

Basi sayari iliangamia?

La. Vipindi vinavyosimulia miaka 70 hivi baadaye vinaikuta bado ni makao makuu, na Waklingon wamekuwa washirika wa Shirikisho la Sayari. Hatari nyingine imewekwa nyuma zaidi katika kalenda ya hadithi: mwaka 2018, tamthilia ya Discovery ilionyesha viongozi wa Shirikisho wakipanga kuilipua Qo'noS kwa bomu chini ya ardhi ili kumaliza vita. Mabaharia wao wenyewe wa angani wakakataa. Ule mwezi uliovunjika unaoonekana kwenye filamu ya Into Darkness ya mwaka 2013 ni wa tawi jingine la historia, kwa hiyo usiuchanganye na mkasa huu.

Nianzie wapi?

Anza na The Undiscovered Country. Inaeleweka hata kwa asiyewahi kutazama Star Trek, ila ukiweza tangulia na filamu ya tatu ya mwaka 1984, uone jinsi Kirk alivyompoteza mwanawe. Kisha tafuta Sins of the Father. Na usiwaache watoto watazame peke yao. Kaa nao, maana watauliza kwa nini maadui wanasaidiwa, na swali hilo linastahili kujibiwa na mtu mzima.