Bolti Mpya kwa Bunduki ya Mzee: Vidokezo kwa Wakazi wa Kisiwani

Bunduki ya kuwindia ni kitu adimu kisiwani Mombasa, ila si kwamba hazipo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara, lakini hakuna aliyeamrisha bunduki zenyewe ziyeyushwe. Zipo kwa wenye mashamba huko Kwale na Kilifi, kwa wapenda kulenga shabaha, na kwa wale wanaovuka Lunga Lunga kwenda Tanzania, ambako kuwinda kwa leseni bado kunaruhusiwa. Ikiwa wewe ni mmoja wao, una cheti, na bolti yako imeliwa na kutu au imevunjika mkono, endelea kusoma.

1. Hakikisha kwanza kwamba bunduki yenyewe ni ya bolti

Usicheke. Watu hurithi kitu kilichofungwa kwenye turubai wasijue ni kitu gani. Theodore Roosevelt alipoteremka Mombasa Aprili 1909 kuanza safari yake ya kuwinda, alikuwa na Springfield ya bolti, Winchester inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatuo, na Holland & Holland ya mitutu miwili inayokunjuka katikati. Kati ya hizo, ya kwanza tu ndiyo inayotuhusu leo. Bolti ni kile chuma cha mviringo chenye mkono pembeni: ukiinua mkono na kuvuta nyuma ganda linatoka, ukisukuma mbele na kushusha risasi imefungiwa ndani ya chemba. Ukiona mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, shida yako ni nyingine na fundi wake ni mwingine.

2. Cheti kabla ya bisibisi

Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haihesabu bunduki nzima peke yake. Sehemu zake muhimu pia zimo. Kwa hiyo wazo la kwamba "hii haina bolti, ni mapambo tu ya ukutani" litupe leo hii. Bunduki isiyo na bolti bado ni bunduki, na bolti isiyo na bunduki ni sehemu ya bunduki.

Jambo linalowakwaza wengi ni urithi. Mzee akifariki, bunduki inabaki nyumbani, lakini cheti kilikuwa cha mzee. Hakirithiwi pamoja na kitanda na kabati. Kama jina lililo kwenye cheti si lako, usianze kutafuta fundi wala bolti. Anza kituo cha polisi, ueleze msiba ulivyotokea na silaha iko wapi, ikabidhiwe hapo wakati wewe unaomba cheti chako kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Kuna wajane waliokaa na bunduki chini ya uvungu miaka mingi kwa kuogopa maswali. Maswali ya mtu aliyekuja mwenyewe ni mepesi mno kuliko ya mtu aliyekutwa nayo.

3. Usiipeleke Shimanzi

Hiki ndicho kidokezo nilichokuja kukisema, kwa hiyo nivumilie nikirefushe.

Mombasa ina mafundi vyuma hodari, wa Shimanzi wakiwemo. Mji wenye bandari haukosi. Peleka shafti ya boti, peleka pampu ya maji, peleka gia ya mashine iliyoacha kutengenezwa zamani, mtu ataitazama, ataipima kwa kalipa, atakwambia, "Mzee, njoo kesho alasiri." Na kesho alasiri ipo tayari. Ndiyo maana mwenye bunduki hushawishika: kama fundi huyu anakereza shafti ya injini, bolti itamshinda nini?

Kwanza, kisheria hana ruhusa. Kutengeneza silaha ni kazi ya muuza silaha aliyesajiliwa, na fundi wa kawaida akikubali kuigusa mnaingia matatani nyote wawili.

Pili ni chuma chenyewe. Risasi ya .303, ile iliyojaa katika bunduki kuukuu za nchi hii, huzalisha shinikizo la takriban bar 3,600 ndani ya chemba. Gurudumu la gari dogo hujazwa kama bar mbili tu, na likipasuka mtaa mzima huruka. Kinachozuia shinikizo hilo lisije usoni mwako ni meno mawili madogo kwenye bolti, kila moja halijafika upana wa ukucha wa kidole gumba.

Meno hayo hayakuchongwa tu yakaachwa. Katika Mauser za kizamani, bolti ilipikwa kwa moto maalumu mpaka ngozi yake ya nje ikawa ngumu sana, huku moyo wake ukibaki laini kiasi ili usikatike ghafla. Ngozi hiyo ni nyembamba. Fundi akipitisha tupa au jiwe la kusagia "ili ikae vizuri", anaiondoa, na bolti itaonekana safi, itafunga vizuri, itapiga risasi kadhaa bila tatizo. Kisha meno yanaanza kujichimbia polepole, nafasi inaongezeka, na hakuna anayejua mpaka siku ganda litakapopasuka.

Kuchomelea mkono uliovunjika ni hatari ya namna hiyo hiyo. Moto wa welding hutambaa ndani ya chuma na kulainisha sehemu zilizokusudiwa kuwa ngumu. Wapo mafundi wa bunduki wanaoifanya kazi hiyo, lakini huifunga bolti kwa vifaa vya kunyonya joto na huijua kila sehemu isiyotakiwa kuota moto. Si kazi ya kupiga cheche mbili ukanywa kahawa.

4. Jua bunduki yako ni ya nani

Bolti hazibadilishani kama betri za tochi. Hata bunduki mbili za kiwanda kimoja, mwaka mmoja, zilipimwa kila moja na bolti yake. Kwenye Lee-Enfield tazama nyuma ya mkono wa bolti, kisha tazama mwili wa bunduki: nambari zikilingana, zilizaliwa pamoja. Zisipolingana haina maana kwamba itakulipukia, ina maana kwamba kuna mtu aliwahi kubadilisha, na huna hakika alipima.

Mauser ya mtindo wa 1898 ina meno mawili mbele na la tatu nyuma, la akiba, yale ya mbele yakishindwa. Lee-Enfield hufungia nyuma. Aina yake ya No. 4 ina jambo zuri sana: kichwa cha bolti hutoka, na vilitengenezwa vichwa vya saizi nne, kuanzia 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Mwenye No. 4 iliyolegea huenda asihitaji bolti nzima. Uliza hilo kabla ya kutoa pesa.

Na risasi je? W. D. M. Bell, yule mwindaji wa tembo aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya Karamoja, Uganda, alisifika kwa kutumia Rigby .275, risasi ndogo kwa kazi kubwa. Wengine walibeba .375 ya Holland & Holland iliyotoka 1912. Zote mbili zinaweza kuwa kwenye bunduki za umbo la Mauser, ila kitako cha .375 ni kipana zaidi, na uso wa bolti ya .275 hauwezi kukipokea. Andika jina la risasi kama lilivyopigwa kwenye mtutu, herufi kwa herufi, umpe fundi karatasi hiyo. Usimwambie "ni ile ya kawaida".

5. Uliza habari za geji

Ukifika kwa fundi aliyesajiliwa, muulize atapima vipi nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Jibu unalotaka kusikia ni "kwa geji". Ziko mbili za msingi: moja bolti inapaswa kufunga juu yake, nyingine inapaswa kukataa. Tofauti kati yao ni kama sehemu ya kumi ya milimita, ikizidi au kupungua kidogo kutegemea aina ya risasi. Nafasi ikiwa finyu bolti haifungi. Ikiwa pana inafunga kwa raha, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ganda la shaba litanyooka kujaza pengo na linaweza kukatika.

Fundi akikwambia anajua kwa kusikia mlio, mshukuru, chukua bunduki yako.

6. Omba uone wino

Huu ni ukaguzi ulio haki yako, na hauchukui dakika nyingi. Fundi mzuri hupaka meno ya bolti wino wa buluu, huingiza, hufunga na kufungua mara kadhaa, kisha hutoa. Wino ukiwa umefutika kwenye meno yote mawili, mzigo unagawanyika. Ukifutika upande mmoja na upande wa pili umebaki buluu kama ulivyopakwa, jino moja linabeba kazi ya mawili. Hapo husuguliwa kwa unga laini, kidogo sana, kisha geji hurudi tena, maana kila unaposugua unaongeza nafasi. Simama karibu utazame. Mafundi wengi hupenda mtu anayeuliza.

7. Mihuri midogo kwenye mtutu

Bunduki nyingi za Kiingereza zina alama zilizogongwa London au Birmingham, kwenye nyumba za majaribio. Ile ya Birmingham ilianzishwa 1813. Maana ya alama hizo ni kwamba bunduki zilipigwa risasi yenye nguvu kupita kiasi cha kawaida zikastahimili. Zilistahimili zikiwa na bolti ile ya zamani. Ukiweka nyingine, ushahidi wa muhuri umepungua thamani, na hiyo ndiyo sababu risasi za mwanzo hufyatuliwa bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi, mtu akivuta uzi kwa mbali. Fundi asiyetaka kufanya hivyo aeleze kwa nini.

8. Njia ya Nairobi

Wauza silaha waliosajiliwa wengi wako Nairobi, kwa hiyo huenda bunduki ikalazimika kusafiri. Treni ya SGR si mahali pa kujaribu bahati: mizigo hukaguliwa kwa mbwa na kwa mashine kabla hujakaa kitini. Ndege nayo hutaka utangulie kutoa taarifa, silaha iwe tupu na risasi zake mbali. Zungumza na polisi kabla ya siku ya safari, beba cheti halisi, na toa bolti uifunge peke yake. Kwa anayekwenda Tanzania, vibali vya kutoa na kuingiza hushughulikiwa pande zote mbili za mpaka, si ukiwa umesimama Horohoro jua likikuchoma.

9. Kuagiza ng'ambo

Mtandaoni utaona bolti ya Mauser inauzwa Marekani kwa kubofya tu. Huko nyumbani kwao ndivyo. Kuitoa kwao na kuiingiza kwetu ni mambo mawili tofauti, yote yana kibali, na forodha ya Kilindini haiiti kifurushi hicho "spea". Mwachie muuza silaha aagize kwa jina lake na leseni yake. Utalipa zaidi, na ni pesa nzuri kuliko ya wakili.

10. Pengine usiibadilishe

Piga hesabu. Ukijumlisha bolti, vibali, safari na kazi, unaweza kupita thamani ya bunduki. Kama mtutu wenyewe umekwisha kuliwa ndani, bolti mpya haisaidii kitu. Muombe fundi atazame humo kwanza. Pale Fort Jesus upo mzinga wa meli ya Kijerumani ya Königsberg, iliyozamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 1914 kisha ikaishia Rufiji mwaka uliofuata. Hakuna anayedai mzinga ule upige tena, na watu hulipa kiingilio kuuona. Bunduki ya mzee inaweza kusalimishwa kwa heshima, picha ikabaki sebuleni.

11. Hewa ya bahari

Umeshaiweka, imepimwa, imepigwa. Sasa ni wewe na chumvi. Nyumba za Mji wa Kale zina madirisha ya kupitisha upepo, raha kwa binadamu na balaa kwa chuma. Futa bolti kila baada ya kuishika, maana jasho la kiganja lina chumvi yake. Tumia mafuta ya bunduki au ya mashine, kidogo. Mafuta ya nazi yaache jikoni: hunata, na huganda joto likishuka chini ya kama nyuzi 24, yaani ukipanda nayo Nairobi asubuhi ya Julai pini ya kufyatulia inaweza kukwama kwenye utando mweupe. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi au sponji, maana vyote hunyonya unyevu. Bunduki ikae kwenye sefu, na bolti, ukiweza, kwenye sefu nyingine.

12. Ile ya zamani iende wapi?

Usiiache kwenye droo, na usimpe muuza skrepa anayepita na mkokoteni. Mkabidhi muuza silaha yule yule aliyeweka mpya, aandike nambari yake na tarehe aliyoipokea, apige muhuri. Karatasi hiyo iweke pamoja na cheti, na siku ya kuhuisha uende nayo, kwa sababu ofisa akiona nambari mpya kwenye bolti atauliza ya mwanzo iko wapi.