Unauza baiskeli za mtumba mtandaoni? Anza na pedeli

Leo naongea na nyie mnaouza baiskeli kwa picha.

Mteja wa mtandaoni analipa kabla hajaipanda. Mzigo ukimfikia, mguu unakwenda moja kwa moja kwenye pedeli. Ikikwaruza au ikicheza, anaanza kushuku breki, mnyororo, mpaka wewe mwenyewe. Hapo ama unashusha bei au unarudishiwa mzigo. Kumbe dawa ni grisi na jioni moja tu nyumbani.

Andaa: spana namba 15, bisibisi, boksi spana ndogo, grisi, mafuta ya taa, kitambaa na sinia. Pedeli nyingine hazina pa kushika spana. Hizo zinafunguliwa kwa nyuma ya krenki kwa ile spana ya umbo la L, mara nyingi namba 6 au 8.

1. Kutoa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Pedeli ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto inafunguka KINYUME. Usikariri sana: simamisha spana juu, kisha ivute kuelekea nyuma ya baiskeli. Pande zote mbili zinalegea hivyo.

2. Kufungua. Fanya pedeli moja kwanza, umalize, ndio uguse ya pili. Toa kifuniko cha nje, kisha nati, washa na koni. Fanyia juu ya sinia maana gololi zitamwagika. Hesabu za kila upande na uandike.

3. Kusafisha. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ukaushe. Gololi zenye kutu au vidoti badilisha zote, kwa saizi ileile. Kama koni au mhimili umechimbika, grisi haitakusaidia. Nunua pedeli mpya.

4. Kurudisha. Jaza grisi kwenye vikombe, panga gololi, zitanata zenyewe. Ingiza mhimili, kaza koni kwa mkono mpaka iguse, rudisha kidogo, weka washa na nati.

5. Kupima. Zungusha: isikwaruze. Itikise: isicheze. Ikifeli, legeza nati urekebishe koni tena. Usiseme "itajiweka sawa". Haijiweki.

6. Kufunga. Angalia alama: R ni kulia, L ni kushoto. Paka grisi kwenye nyuzi, anza kwa vidole, kisha kaza spana kuelekea mbele. Ikigoma mwanzoni usilazimishe! Ukiua nyuzi za krenki ya alumini, umetoka kwenye kazi ya grisi umeingia kwenye kununua krenki. Na pedeli iliyofungwa upande inaweza kuchomoka mtu akiwa barabarani. Huyo ni mteja wako, boss.

Pedeli za plastiki zisizo na kifuniko cha kufungua usihangaike nazo. Weka mpya, uhesabu gharama yake kwenye bei.

Ukimaliza, piga video fupi ukizungusha pedeli, sauti iwe wazi, bila muziki. Kwenye tangazo andika ulichofanya kweli: "pedeli zimefunguliwa, zimesafishwa, grisi mpya". Mteja akiuliza kwa nini bei yako iko juu kidogo ya jirani, una jibu la kumwonyesha.

Mtumie mwenzako anayeuza baiskeli. Kazi njema!