Mberoshi Unapokauka: Kumtambua Kidukari Kabla ya Kununua Dawa

Mberoshi ndio mti ambao wauza miche huuita saiprasi, na watoto huujua kama mti wa Krismasi. Asili yake si huku. Aina iliyoenea zaidi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ililetwa kutoka Meksiko na Amerika ya Kati ili itoe mbao, kisha ikaingia katika maskani ya watu kama ua na kama pambo la bustani. Kuanzia Limuru na Nyeri hadi Lushoto na Njombe, si ajabu kukuta ua wa miberoshi uliopunguzwa ukanyooka kama ukuta. Ua wa namna hiyo ni kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana unapoanza kugeuka rangi ya kahawia mwenye nyumba hushikwa na hofu, na hofu hiyo huwapa riziki watu wawili: auzaye dawa asiyoijua, na mwenye msumeno anayepita akisema kwamba miti yote imekwisha kufa.

Tunamwandikia mwenye nyumba huyo kabla hajatoa fedha. Swali la kwanza si dawa ipi inunuliwe, bali ni nini hasa kinachoukausha mti.

Mdudu na kazi yake

Anayelaumiwa mara nyingi ni kidukari wa mberoshi, ambaye wataalamu humwita Cinara cupressivora. Alionekana barani Afrika kwa mara ya kwanza nchini Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa amekwisha kuingia Tanzania na Kenya. Alileta hasara kubwa katika mashamba ya miti na katika nyua za majumbani, kwa kuwa alifika peke yake, bila maadui wanaomla katika nchi alikotoka.

Ni mdudu mdogo wa milimita mbili hadi nne, mwenye mwili laini wa rangi ya kahawia iliyokolea na alama nyeusi mgongoni. Hakai kwenye ncha za majani ambako watu wengi humtafuta. Hujipanga kwenye vijiti na matawi membamba, ndani ya kivuli cha mti, na rangi yake hufanana na gome kiasi kwamba waweza kulitazama kundi zima usilione. Majike huzaa bila kuhitaji dume, tena huzaa watoto walio hai, nao huweza kuzaa baada ya wiki tatu au nne. Mvua kubwa huwaangusha na kuwaua wengi; kipindi kikavu huwapa nafasi ya kuongezeka.

Kidukari hufyonza utomvu kwa mdomo mfano wa sindano, na mate yake huudhuru mti mahali alipochoma. Kwa sababu hiyo kundi dogo tu laweza kukausha tawi zima. Sukari asiyoihitaji huitoa kama majimaji yanatayo, ambayo huangukia matawi ya chini na hata magari yaliyoegeshwa hapo. Juu ya majimaji hayo huota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi nao huyafuata, huyanywa, na kwa malipo hayo huwafukuza wadudu ambao wangewala vidukari.

Kumtafuta

Chagua matawi matano au sita katika pande mbalimbali za mti, yakiwemo yale yaliyo mpakani mwa sehemu ya kijani na sehemu iliyoanza kufifia. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge kwa nguvu mara tatu. Vidukari wataanguka na kuanza kutembea polepole kwenye karatasi. Kisha fungua majani kwa mikono, utazame vijiti vya ndani. Ukiwa na kioo cha kukuzia, afadhali zaidi. Maganda meupe mepesi yaliyonasa kwenye matawi ni ngozi ambazo vidukari walizivua walipokuwa wakikua. Msafara wa sisimizi wanaopanda na kushuka shinani nao ni dalili isiyopaswa kudharauliwa.

Hapa pana jambo ambalo limewagharimu watu wengi. Rangi ya kahawia huchelewa: mara nyingi tawi hukauka wiki kadhaa baada ya kufyonzwa, na huenda wakati huo vidukari wamekwisha kuhama au kusombwa na mvua. Anayenyunyizia dawa tawi lililokwisha kuwa kahawia hamuui mdudu yeyote, wala hafufui jani lolote. Ukikuta vijiti vitupu katika sehemu iliyokauka, yatafute makundi katika sehemu ambayo bado ina rangi ya kijani. Usipoyakuta huko pia, dawa ya wadudu haina kazi.

Yanayofanana naye

Si kila mberoshi unaokauka umeshambuliwa na vidukari. Majani ya ndani kabisa, yaliyo karibu na shina na yasiyopata mwanga, hukauka na kupukutika kila mwaka hata katika mti wenye afya. Hilo ni la kawaida. Tawi moja likikauka peke yake huku mengine yakiwa mazima, chunguza gome lake. Ukiona ufa au bonde lililodidimia linalotoa utomvu mzito, huo ni ugonjwa wa ukungu uitwao kansa ya mberoshi. Ugonjwa huo ndio uliowafanya wakuzaji wa miti wa Afrika Mashariki kuiacha aina nyingine ya mberoshi iliyokuwa ikipandwa zamani. Hauponi kwa dawa ya wadudu. Kata tawi chini ya kidonda mpaka ufikie mti mzima, uchome ulichokata, na usafishe msumeno kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Ikiwa karatasi nyeupe inaonyesha vidoadoa vidogo mno vinavyotembea, na kati ya majani pana utando mwembamba kama wa buibui, hao ni utitiri. Dawa nyingi za vidukari haziwaui utitiri, na baadhi yake huwaongeza kwa sababu huwaua wanaowala. Mti mchanga ukinyauka wote kwa pamoja, fukua kidogo shinani utafute mchwa. Ua unaokauka kwa chini tu, kwenye kona ya lango, mara nyingi umekojolewa na mbwa. Hilo nalo tumelitaja kwa sababu wapo wanaolipia dawa kwa ajili yake.

Hatua za nyumbani

Ukiwakuta vidukari wachache, maji yanatosha. Elekeza mpira wa maji wenye nguvu ndani ya mti, si juu juu, na urudie kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili. Wengi wanaoanguka hawarudi juu. Ua ulio mnene kupita kiasi upunguzwe kidogo ili hewa na maji viweze kupenya, lakini usikate mpaka kufikia kijiti kisicho na kijani. Mberoshi hauchipui upya kutoka kwenye tawi kuukuu lililo tupu, na pengo utakalolikata litabaki kuwa pengo.

Makundi yakiwa mengi, tumia maji ya sabuni. Chukua sabuni laini ya maji isiyo na viungo vya kung'arisha, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita ya maji. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani, tusiitumie. Jaribu kwanza kwenye tawi moja, ungoje siku mbili, na usipoona madhara endelea. Nyunyiza asubuhi na mapema au jioni, ukilowesha vijiti vya ndani, kwa maana sabuni humuua mdudu iliyemgusa tu, na ikishakauka haina nguvu tena. Dawa za mwarobaini zilizosajiliwa nazo zinafaa. Wakati wa kiangazi umwagilie mti maji shinani, kwani mti wenye kiu hushindwa mapema.

Kabla ya kunyunyiza chochote, tazama kama kuna vidukari waliovimba na kukauka, waliogandamana na kijiti, wengine wakiwa na tundu la mviringo mgongoni. Hao wameuawa na nyigu mdogo sana, Pauesia juniperorum, aliyeletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa nchini Malawi kuanzia mwaka 1994, na baadaye katika nchi nyingine, Kenya ikiwamo. Hutaga yai ndani ya kidukari, na buu wake humla kwa ndani. Hamuumi mtu. Ukiwaona wengi wa namna hiyo, ushauri wetu ni kutumia maji matupu na kungoja, kwa kuwa dawa kali itamuua mlinzi pamoja na adui, na vidukari watakaosalia watazaliana bila kizuizi.

Ukilazimika kununua dawa

Dawa inayofyonzwa na mti kupitia mizizi au majani huweza kuokoa ua wa thamani ulioshambuliwa sana. Hata hivyo, nyuki huyanywa majimaji matamu ya vidukari kama wanywavyo maji ya maua, na dawa ya aina hiyo yaweza kuwafikia kwa njia hiyo. Mwenye mizinga karibu, au jirani mwenye mizinga, aarifiwe mapema.

Nunua chupa iliyofungwa na kiwanda tu. Kibandiko kiwe na jina la kiambato, namba ya usajili, tarehe ya mwisho ya matumizi, kipimo, na maelekezo ya huduma ya kwanza, na kiseme wazi kwamba dawa inaua vidukari. Nchini Tanzania usajili wa viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Nchini Kenya husimamiwa na bodi ijulikanayo kwa kifupi kama PCPB. Ukanda wa rangi ulio chini ya kibandiko hueleza ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali zaidi, hufuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Dawa yenye ukanda mwekundu haina nafasi katika maskani yenye watoto, hata ikiuzwa kwa bei nafuu. Dawa iliyopimwa na kumiminwa katika chupa ya soda usiichukue kabisa. Huwezi kujua ni nini, na mtoto atakayeikuta hatajua kwamba si soda.

Ukimwajiri mtu wa kunyunyiza, mwambie akuonyeshe vidukari kwanza, kwa karatasi ile ile nyeupe. Akikataa, au akitaka malipo ya kila mwezi bila kuutazama mti, mwache aende. Akikubaliwa, aseme jina la dawa, akuonyeshe chupa, avae glavu, barakoa na mikono mirefu, na atoe risiti yenye jina la dawa na tarehe. Nguo zianuliwe, maji ya kunywa yafunikwe, kuku na mbwa wafungiwe mbali. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe katika bomba la kunyunyizia, kisha chupa itobolewe ili isitumike tena.

Mti usiookoka

Kwaruza gome la matawi kadhaa kwa ukucha. Pakiwa na kijani chini yake, tawi li hai. Mti uliopoteza sehemu kubwa ya majani yake hauwezi kurudia umbo la ua, hata ukiishi. Na mberoshi mkavu uliosimama karibu na nyumba hushika moto upesi kwa sababu ya utomvu wake. Huo ukatwe. Katika pengo usipande mberoshi mwingine peke yake. Ua wa mchanganyiko, kwa mfano wenye kaiyaba kati yake, hautakauka wote kwa mdudu mmoja.

Matawi yaliyokatwa yakiwa na vidukari hai yachomwe au yafunikwe siku hiyo hiyo, yasisafirishwe. Tahadhari hiyo inahusu Desemba pia. Kabla ya kuingiza tawi la Krismasi sebuleni, likung'ute nje juu ya karatasi nyeupe. Vidukari hawaumi watu, lakini tawi lililotolewa wilaya moja na kutupwa nyuma ya nyumba katika wilaya nyingine mwezi Januari laweza kuwafikisha kwenye ua wa jirani.