Kipimo cha Shule ya Misioni

Huko Kinampanda, katika nchi ya Iramba, wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuwa na chuo cha walimu. Huko Pugu, karibu na Dar es Salaam, Wakatoliki walikuwa na shule. Julius Nyerere alifundisha humo mpaka mwaka 1955. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za misioni mikononi mwa Serikali.

Je, dini iliondoka pamoja na kibao cha mlangoni? La. Mwalimu asiyependelea, amhurumiaye mtoto dhaifu, huenda na dini yake kila mahali. Bali shule yenye msalaba ukutani, ambamo mtihani waibwa na maskini achekwa, imebakiwa na nini?

Basi, mwanafunzi, jiulize: mgeni akikutazama wewe, atajuaje ya kuwa shule yako ni ya Mungu?