Uwanja wa Ndege Unaofunikwa na Bahari

Ratiba ya ndege kati ya Glasgow na kisiwa cha Barra, magharibi mwa Uskoti, hubadilika siku hadi siku, na anayeibadilisha ni mwezi. Njia za kurukia ziko ufukweni, kwenye ghuba ya Traigh Mhòr. Maji yakijaa, zote tatu huwa chini ya bahari. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1936 na hadi leo njia hizo ni mchanga mtupu.

Hesabu ya maji mvuvi wa Pwani anaijua. Yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho yatapwa saa tano kasoro dakika kumi hivi, na safari za ndege nazo husogezwa. Swali gumu ni jingine: ndege ya abiria 19 inatuaje mchangani isizame?

Shika mchanga mkavu uone unavyochuruzika vidoleni; chembe zake zinazuiana kwa msuguano tu. Tia maji kidogo. Sasa kati ya chembe na chembe kuna tone dogo, na uso wa tone hilo hujivuta kama ngozi iliyokazwa, ukizivuta chembe zote mbili pamoja. Zidisha maji mpaka yafunike mchanga: hewa imekwisha, ngozi zile zimetoweka, mshiko umelegea.

Kuna jambo la pili, na mimi naliona tamu zaidi. Kanyaga mchanga uliotoka kuachwa na maji. Kuzunguka unyayo wako utaona weupe, kana kwamba mchanga umekauka ghafla. Wengi hudhani uzito umekamua maji. La. Mawimbi yamezibananisha chembe kiasi kwamba haziwezi kusogea bila kupandiana. Zikipandiana, nafasi baina yake huongezeka, na maji ya juu hufyonzwa ndani kuijaza. Mwanasayansi Osborne Reynolds alilieleza hilo mwaka 1885. Mfyonzo huo hukaza chembe zaidi, kwa hiyo gurudumu linalopita kwa kasi hukuta mchanga unaokataa kubonyea. Bahari inayoufunga uwanja ndiyo inayousawazisha na kuushindilia upya, mara mbili kwa siku. Mkandarasi gani mwingine angefanya hivyo bila kuleta ankara?

Inayotumika hapo ni Twin Otter, ndege ya panga boi mbili inayoweza kutua kwa mwendo mdogo. Upepo humsaidia rubani. Tuseme mabawa yanahitaji hewa ipite kwa kilomita 120 kwa saa. Ukiukabili upepo wa kilomita 40, magurudumu yatagusa mchanga kwa kilomita 80 tu, na kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, breki zitabeba chini ya nusu ya kazi. Ndiyo maana njia zimepangwa kama pembetatu: tatu, kila moja ikitumika pande mbili, rubani ana mielekeo sita ya kuchagua.

Ncha za njia zimewekewa nguzo za mbao. Taa za kudumu hakuna, hivyo safari za kawaida ni za mchana. Ndege ikija usiku kuchukua mgonjwa, magari huwashwa taa kumulika ufukwe. Wanaokuja kuokota kombe hutazama mfuko wa kuonyesha upepo: ukiwa umepandishwa, ufukwe ni wa ndege.