SOMO LA KOMPYUTA: TUYAJUE MATUNDU YA LAPTOPU

Kabla ya kuchomeka waya, itazame laptopu ubavuni.

Tundu la chaja huingiza umeme. USB ya mstatili hupokea flashi na mausi, na huingia kwa upande mmoja tu. USB-C, iliyotoka mwaka 2014, ni ndogo yenye kingo za mviringo, nayo huingia kwa upande wowote. HDMI hupeleka picha kwenye projekta. Tundu la duara la milimita 3.5 ni la spika za masikioni. Nafasi za kutolea joto usizizibe kwa nguo. Hapa Nyakitonto, zikinge pia na vumbi la kiangazi.

Waya ukikataa, usiulazimishe. Utoe, tazama umbo, ugeuze. Tundu likivunjika, darasa zima litakosa somo. Chombo cha wengi ni amana.