Vitu vya Kuisha: Somo Dogo Kabla Hatujatuma Printa Nyumbani

Safari hii nimeombwa niandike jambo la kitaalamu lenye faida kwa kila mwanachama, awe anasoma sheria, uuguzi au biashara. Nimechagua vitu vinavyokwisha kwa kutumiwa. Sababu mnaijua: muhula huu tunachangishana kununua printa ya shule moja ya sekondari huko nyumbani, na mjadala wote mpaka sasa ni bei ya printa. Bei ya wino haijatajwa hata mara moja.

Maana yake

Vitu tunavyonunua vimegawanyika mafungu mawili. Kuna vya kudumu, kama kitanda, jiko, kompyuta na baiskeli. Ofisi ya takwimu za uchumi ya Marekani (BEA) huviita vya kudumu vile ambavyo kwa wastani hutumika miaka isiyopungua 3. Halafu kuna vya kuisha: sabuni, unga, gesi, karatasi, wino, dawa ya meno. Hivi ukivitumia ndiyo basi, lazima ununue tena.

Ukitaka kuvitambua jiulize swali moja: nikishakitumia, kinabaki? Sufuria inabaki, mafuta ya kupikia hayabaki. Lakini msidhani vya kuisha ni vya jikoni tu. Mimi nasoma uhandisi wa mitambo, na katika karakana vitu hivi ni vingi: vijiti vya kuchomelea, msasa, mafuta ya mashine, vichujio, glavu. Mashine ya kuchomelea bila vijiti ni chuma tu kimekaa pale.

Hospitalini ni hivyo hivyo. Tanzania, Bohari ya Dawa huzungumzia dawa, vifaa tiba na vitendanishi. Hivyo vitendanishi ndivyo vinavyoiwezesha mashine ya maabara kupima damu. Vikiisha, mashine ni nzima, umeme upo, mtaalamu yupo, na mgonjwa anarudi nyumbani bila majibu.

Matumizi ya kila siku

Kwetu sisi wabeba maboksi, hela nyingi haiishii kwenye vitu vikubwa. Bandu bandu huisha gogo. Laptopu unainunua mara moja na unaikumbuka bei yake miaka mitatu, lakini nani anakumbuka alinunua sabuni ya kufulia mara ngapi mwaka jana?

Hapa Uingereza tuna msaada mmoja ambao wengi hatuutumii. Kanuni za bei za mwaka 2004 zinayataka maduka makubwa kuandika, kwa bidhaa nyingi, bei ya kila kilo au lita kwa maandishi madogo kwenye rafu. Soma hayo madogo, achana na yale makubwa ya rangi. Pakiti kubwa mara nyingi ni nafuu, lakini si mara zote. Na hata ikiwa nafuu, unga ukiingia wadudu kabla hujaumaliza, jamani, unafuu uko wapi?

Ujanja wa wauzaji

Kuna biashara ya kukuuzia kifaa kwa bei rahisi ili ufungwe na kile kinachokwisha. Mfano unaotajwa sana ni wa nyembe: King C. Gillette alipata hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kinyozi chenye wembe wa kubadilisha. Mpini unabaki nao, wembe unaurudia dukani. Printa nyingi za bei ndogo zinauzwa kwa mtindo huo huo, na katriji inayokuja nayo mara nyingi ina wino pungufu.

Sasa tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Shule ina wanafunzi 200, na kila mmoja anahitaji kurasa 30 za mitihani kwa mwaka. Jumla ni kurasa 6,000.

Printa ya kwanza: bei pauni 40, katriji pauni 20, inatoa kurasa 200. Kwa mwaka zinatakiwa katriji 30, yaani pauni 600.

Printa ya pili: bei pauni 120, wino wake wa unga pauni 45, unatoa kurasa 1,500. Kwa mwaka zinatakiwa 4, yaani pauni 180.

Baada ya miaka 3, ukijumlisha na bei ya printa, ya kwanza imekula pauni 1,840 na ya pili pauni 660. Ile "rahisi" imezidi kwa pauni 1,180! Na nani atalipa? Sisi tutakuwa tumeshapiga picha za makabidhiano na kusambaa. Atakayelipa ni mwalimu mkuu, kwa michango ya wazazi.

Tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa tiba mwaka 2000, na mwingine mwaka 2011, na moja ya hoja zake ni kwamba vitu vinavyokwisha vifikiriwe mapema. Nasi tufanye hivyo. Kabla ya kupiga kura napendekeza mtunza hazina atuletee majibu ya haya:

1. Wino wa printa hiyo unapatikana mji wa karibu na shule, au mpaka uagizwe?
2. Ukurasa mmoja utagharimu kiasi gani?
3. Katika mchango wetu, kiasi gani ni cha wino na karatasi za mwaka wa kwanza?
4. Baada ya hapo shule yenyewe imesema itamudu?

Swali la nne wa kulijibu ni shule, si sisi. Wakisema hawataweza, basi heri tununue mashine ndogo na rimu nyingi za karatasi kuliko kuwapelekea pambo la ofisini.

Wenye hesabu tofauti wazilete kikaoni, tuzijadili. Nawatakia mitihani mema.